Kidole cha Mama Kwenye Daftari la Bustani

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na bila aibu yoyote, kwamba mtu akiandikwa jina kwenye daftari la bustani ya mtaa wetu pale Nakuru, serikali ingehesabu kuwa amekwisha kupewa shamba. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo hivi kwamba mbuzi wawili wakiingia, mmoja lazima arudi kinyumenyume ndipo mwenzake apate kugeuka. Lakini niliamini. Niliamini kwamba karani fulani katika ofisi fulani angepitisha kidole juu ya orodha ya watu wanaongoja mashamba, akute jina, aseme, "Huyu si ana bustani Nakuru?" kisha alipige mstari. Hata mstari wenyewe niliuona. Ulikuwa mwekundu, umepigwa kwa rula.

Na sikuwa mtu wa kudanganywa ovyo ovyo. Nilikuwa nimesoma. Mchana nilibeba magunia katika ghala la pareto, ambako nilipiga chafya miaka minne mfululizo nikipumzika Jumapili tu, na jioni nilikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio, nikijifunza hesabu, historia na Kiingereza mpaka nikapata cheti. Kinyozi wa mtaa wetu aliyaita masomo hayo ngumbaru, kama ya wazee wanaofundishwa kuandika majina yao. Kila mara nilimsahihisha.

"Si ngumbaru. Ni shule ya jioni."

"Sawa, msomi wa ngumbaru. Inamisha kichwa."

Mtu ana wembe mkononi, utabishana naye vipi?

Lazima nieleze habari ya shamba, maana bila shamba hofu yangu haina miguu. Mama yangu alichuma pareto katika shamba la mzungu mmoja upande wa Njoro tangu sijazaliwa. Ukimsikia yeye, alichuma kidogo tu. Ukinisikia mimi, alichuma maua ya kuua mbu wote kuanzia Gilgil mpaka Uganda. Uhuru ulipokuja, yule mzungu alikaa miaka michache akiangalia angalia, kisha akauza, akaenda zake. Ikatangazwa kwamba shamba litagawanywa, na waliolifanyia kazi wataandikwa kwanza. Wakaja watu na kamba, wakapigilia vigingi. Akaja karani na daftari. Mama akaitwa, akatia kidole gumba kwenye wino, akakibandika mbele ya jina lake. Halafu wakaambiwa waende wangoje siku ya kuokota namba, ndipo kila mtu ajue kipande chake ni kipi.

Mama alikuja kungojea kwangu. Nilikuwa na chumba kimoja katika nyumba za manispaa, chumba ambacho wazo jipya likiingia, mtu mmoja alitoka nje kulipisha. Tulingoja. Miaka ya sitini ikaisha tukingoja, sabini ikaanza tukingoja. Baba alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya jina lile moja la mama katika daftari lile moja. Likipotea, tumebaki na chumba. Mimi nilikuwa nimekwisha kujenga nyumba ya mabati kule Njoro, kichwani, nikapanda miti, nikagombana na jirani juu ya mpaka, na nikamshinda.

Mama mwenyewe hakuzungumza sana habari ya shamba. Alikuwa amepata bustani.

Ilikuwa kipembe cha ardhi kati ya nyumba zetu na ule mstari wa nyumba za mawe walikokaa watu wa reli. Ilikuwa na mijakaranda miwili, mawaridi ambayo hakuna aliyejua nani aliyapanda, benchi moja na mfereji wa maji. Kila asubuhi nikienda kazini nilimwacha mama akifagia maua ya jakaranda, na nikirudi nilimkuta akimwagilia mawaridi kwa mkebe uliotobolewa matundu. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mzee mmoja Singasinga, fundi mbao aliyestaafu kutoka karakana ya reli, mwenye ndevu nyeupe na kalamu ya risasi sikioni hata siku asizofanya kazi. Yeye ndiye aliyetengeneza lile benchi. Mama alimwita Fundi, naye alimwita mama Mama.

"Mama, hii moja nataka maji."

"Imekunywa asubuhi, Fundi."

"Imekunywa, lakini bado nataka."

"Basi ina tabia kama ya kijana wangu."

Walicheka hivyo siku nzima. Mimi niliona si kawaida, watu wawili kufurahia ua kiasi hicho.

Siku moja tukakuta tangazo limegongomewa kwenye mjakaranda. Kwa kuwa mimi ndiye msomi, niliwasomea watu: wakazi wote wanaombwa wafike Jumamosi alasiri kutoa maoni yao juu ya utunzaji wa bustani ndogo za mitaa.

"Wanaombwa?" akauliza kinyozi.

"Wanaombwa."

"Umesoma vizuri? Hakuna pahali pameandikwa 'la sivyo'?"

"Hakuna."

"Basi kuna jambo."

Hapo nataka msomaji atuelewe. Sisi tulikuwa watu wa kuambiwa. Maisha yetu yote tulisoma vibao vilivyosema ni marufuku, mnaonywa, mnaamriwa. Marufuku unalijua, unajua ukilivunja litakufanya nini. Lakini kuombwa maoni! Tangu nizaliwe hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuniuliza ninapenda nini, na sasa mmoja anakuja mbio, Jumamosi, siku ambayo angekuwa kwake amevua viatu. Mtaa mzima ulilala na swali hilo.

Jumamosi tulijaa pale hata mijakaranda ikaonekana kama imesogea. Afisa wa bustani alikuwa kijana mnene wa sauti nyororo, na sauti yenyewe ilizidi kututia mashaka. Alikuja na wafanyakazi wawili, daftari la jalada la kijani, na kibweta cha wino.

"Tumekuja kuwasikiliza," akasema.

Hakuna aliyesema kitu. Alitusikiliza tukinyamaza.

Mwishowe mama mmoja wa nyumba za nyuma akauliza, "Mnatuuliza kwa nini?"

"Kwa sababu bustani ni yenu."

"Tangu lini?" kinyozi akadakia.

"Tangu zamani, mzee."

"Na mbona hatukuambiwa?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, na hilo likaandikwa dhidi yake. Akaeleza kwamba mjini kuna vijibustani vingi vya namna hii na wafanyakazi wa kuvitunza ni wachache. Mahali ambapo wakazi watatoa watu wanne wa kujitolea, hao wanne watapewa ufunguo wa mfereji na mpira wa maji, wawe wanafungua na kufunga, na kuangalia nyasi. Wasipopatikana wanne, manispaa itaufungia mfereji kwenye sanduku la chuma na mfanyakazi atakuja mara moja kwa wiki.

Kisha akaanza maswali yake. Tunataka nyasi zaidi au maua? Watoto wacheze mpira au wasicheze? Benchi moja linatosha?

"Wewe ungependa tupende nini?" mzee mmoja akamuuliza, kwa heshima kabisa.

"Ninyi ndio mseme, mzee."

"Tutafikiri."

"Lakini benchi moja linatosha?"

"Hata hilo tutafikiri."

Wakati huo wale wafanyakazi wawili walikuwa wanazunguka na kamba. Walipima upande huu, wakapima upande ule, kisha, mbele ya macho yetu, wakapigilia vigingi vinne, kila pembe kimoja, vyenye vichwa vilivyopakwa rangi nyekundu. Nikauliza vigingi ni vya nini. Afisa akasema ni vya kujua mpira wa maji uwe na urefu gani, na wachimbaji wa mtaro wa upande wasije wakaingia kwenye maua. Tukatazamana. Mtu mzima na akili zake anapigilia vigingi kwa ajili ya mpira wa maji!

Akasema atabaki pale na daftari lake kwa saa moja, mwenye kukubali aje aandikwe. Sisi tukaondoka kama tuliosikia mvua inakuja. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, ambaye kiti chake kilikuwa chini ya bati pembeni mwa mtaa, na nikakuta wenye mashaka wenzangu wamekwisha kufika.

Kinyozi alininyoa upande mmoja kimyakimya. Halafu akasimamisha wembe.

"Vigingi viko?"

"Viko."

"Daftari liko?"

"Liko."

"Wino wa kidole?"

"Nimeuona kwa macho yangu."

"Sasa hicho ni nini kama si mgao wa ardhi?"

Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake anayengoja kipande cha ardhi mahali fulani, Njoro, Molo, Kuresoi, na kila mmoja alijua mgao unavyokwenda. Kwanza kamba, halafu vigingi, halafu daftari, halafu kidole. Haijawahi kuwa vingine.

"Kama ni mgao," akasema fundi wa viatu aliyekaa jirani, "twende tukaandikwe!"

"Upewe nini?" kinyozi akamgeukia. "Gawanya bustani ile kwa nyumba zote hizi. Kila mtu anapata pahali pa kuweka mguu mmoja. Huo ndio ujanja wenyewe. Wanakupa pa mguu mmoja, wanaandika umepata. Kesho unakwenda Njoro kuokota namba yako, wanakuangalia hivi: wewe si ulipata Nakuru? Mwingine!"

Upande wa kichwa uliokwisha kunyolewa ulipata baridi.

Alikuwa na ushahidi pia. Shemeji ya binamu yake, kule Gilgil, aliandikwa katika kamati ya kisima, na baadaye akakosa shamba. Mtu mmoja, kisima kimoja. Jumatatu niliipeleka habari hiyo kwenye ghala la pareto, na mimi sikuwa mtu wa kupeleka habari ikiwa imekonda. Niliilisha kidogo. Jumatano ikanirudia kutoka kwa mtu wa idara nyingine: Gilgil kuna watu thelathini wamenyang'anywa mashamba kwa sababu ya kisima. Badala ya kukumbuka kwamba wale ishirini na tisa niliwazaa mimi mwenyewe, nilisema moyoni, unaona? Kumbe ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Lakini nimeruka mbele. Jumamosi ile ile, nilipotoka kunyolewa, niliingia nyumbani nikakaa, na mama akanipa kikombe cha chai. Kidole gumba chake kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye kifundo.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Wino."

"Wino wa nini?"

"Wa bustani."

Nikaweka kikombe chini.

"Walikuwa wamepatikana watatu," akasema. "Fundi, yule mwalimu wa kike, na nesi wa nyumba za juu. Alikuwa amebaki wa nne."

"Na wewe ukaenda!"

"Nilikuwa karibu."

Nikamwambia yote. Vigingi, mguu mmoja, kisima cha Gilgil. Nikamwambia kwamba miaka yake yote ya kuinama kwenye pareto ameiuza kwa mfereji mmoja. Nilisimama nikaongea, nikakaa nikaongea, nikasimama tena. Alinisikiliza huku akichagua mawe kwenye maharage.

"Shamba liko Njoro," akasema.

"Ndiyo, na litabaki huko huko bila wewe!"

"Kunywa chai, inapoa."

Wiki ile nilimshuku kila mtu, na wa kwanza kabisa alikuwa mama yangu mzazi. Walimwahidi nini? Kwa nini ametulia hivi? Halafu nikamgeukia Fundi. Huyu mzee ana watoto wenye kazi nzuri Kisumu na Nairobi, hangoji shamba mahali popote, jina lake likifutwa hapotezi kitu. Kwa nini basi amemvuta mama? Alhamisi alimletea mama kijiti cha waridi la kupanda, kimeviringishwa kwenye gazeti. Mama alipotoka kwenda kuteka maji, nililifungua lile gazeti, nikalisoma kurasa zote, nikalinyosha na kulimulika dirishani kuangalia kama kuna maandishi ya ardhi. Ilikuwa bei ya ngano na matokeo ya mbio za farasi. Nikalirudisha nikiwa na mashaka zaidi.

Ikafika Jumamosi ya pili, siku ya kukabidhi ufunguo. Afisa alikuja na mpira mpya wa maji, wa kijani, umezungushwa kama chatu aliyeshiba. Mwalimu alikuwepo, nesi alikuwepo, Fundi alikuwa amevaa kilemba kipya. Mama alikaa kwenye benchi amejifunga leso yake ya kwendea kanisani. Sisi wengine tulisimama nje ya vigingi. Hakuna aliyetaka mguu wake uonekane ndani.

Nikasimama mbele. Nikatoa Kiingereza changu chote cha shule ya jioni, hata kile nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mtihani. Nilisema maneno ambayo mpaka leo sijui yalikuwa na maana gani. Nilipomaliza watu walipiga makofi, na afisa akanijibu kwa Kiswahili.

"Ndugu yangu, hasa unataka nini?"

"Jina la mama yangu lifutwe."

"Kuna ubaya gani?"

"Tunaujua," nikasema, na nyuma yangu mtaa mzima ukaguna kuitikia.

"Mwenyewe yuko?"

"Yule pale."

Afisa akaenda mpaka kwenye benchi, akainama kidogo. "Mama, unataka tukufute?"

Mama alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mtu anayeshuka ngazi akiwa amebeba kitu kikubwa, kuona kama atafika. Kinyozi alikuwa amenishika bega.

"Mtoto wangu amesoma," akasema. "Kama amesema, futa."

Afisa akafungua daftari, akakaa kidogo na kalamu hewani, kama anayempa mtu nafasi. Kisha akalipiga mstari.

Fundi ndiye aliyekuja juu. "Wewe kijana, futa Mama kwa nini? Mama kazi yake mzuri. Wewe, siku moja, shika fagio hapa? Mimi hapana ona!"

"Nalinda mali ya mama."

"Mali gani? Hapa iko maua tu!"

"Hivyo ndivyo unavyosema wewe."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikajiona mkubwa. Mzee wa watu akatikisa kichwa mpaka kalamu ikamwanguka sikioni.

"Wamebaki watatu," afisa akasema. "Kuna mtu wa kuingia badala ya mama huyu?"

Nimewahi kuona watu wakikwepa macho, lakini si kama siku ile. Mtaa mzima ulitazama juu, kana kwamba mvua ilikuwa imetuandikia barua. Afisa akangoja. Akauliza tena. Kisha akawaambia wafanyakazi wake wauchukue mpira wa maji, na Jumatatu wakaja na sanduku la chuma na kufuli kubwa la kutosha jela, wakaufungia mfereji.

Kinyozi alininyoa wiki ile kwa uangalifu wa kunyoa bwana harusi. "Umeokoa shamba," akaniambia. Sikujibu. Mtu shujaa hajibu kila kitu.

Kiangazi kikaja, na kiangazi cha Nakuru unakijua, upepo unapeperusha magadi meupe kutoka ziwani mpaka chai inapata ladha ya sabuni. Mfanyakazi wa manispaa alikuja mara moja kwa wiki kama walivyosema, akamwaga maji, akafunga, akaenda. Nyasi zikageuka rangi ya mkeka. Mama alianza kubeba maji kwa debe kutoka mfereji wa nyumba zetu, kule nyuma ya vyoo, akitembea ule mwendo wote mara mbili kwa siku. Halafu mara moja. Nikamwambia debe litamvunja mgongo.

"Ndiyo," akasema. Na siku iliyofuata hakwenda.

Akawa anakaa ndani. Mimi niliyekuwa nimezoea kumkuta nje, sasa nilimkuta kwenye kiti, mikono magotini, redio ya jirani ikimsemesha kupitia ukutani. Chumba kile kikazidi kuwa kidogo. Fundi alikuja mlangoni mara mbili tatu kusema waridi fulani bado linaishi, analimwagia maji ya kuoshea mchele. Alisema na mama. Mimi alinipita kama nguzo ya taa. Nami nilijiambia, vumilia, shamba linakuja, kule atakuwa na maua mpaka ayachoke.

Na kweli, ikaja habari kwamba watu wote walioandikwa waende Njoro majina yao yahakikishwe kabla ya siku ya kuokota namba. Nilijitayarisha kuliko nilivyojitayarisha kwa mtihani. Niliandika barua kwa mkono wangu bora kabisa, kurasa mbili, kuthibitisha kwamba mama huyu hana bustani wala sehemu ya bustani, kwamba kidole chake kilitiwa bila yeye kujua, na kwamba amefutwa mbele ya mashahidi. Kinyozi aliweka sahihi. Fundi wa viatu aliweka sahihi. Nilitaka hata mtaa mzima uweke, karatasi ikakataa.

Orodha ilikuwa katika banda la zamani la maziwa. Kulikuwa na meza, karani mzee wa miwani, na foleni ndefu ya watu waliokuja na suti zao za miaka ya arobaini. Zamu yetu ilipofika, kabla mama hajafungua mdomo, mimi niliiweka barua mezani.

Karani akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akamwita mwenzake wa meza ya pili, wakasoma pamoja.

"Bustani gani hii?" akaniuliza.

"Ya Nakuru. Lakini hana. Amefutwa."

"Na sisi inatuhusu nini?"

Nikamweleza. Nilianza kwa sauti, na kadiri nilivyoendelea sauti ikawa inapungua, maana maneno ambayo chini ya bati la kinyozi yalikuwa na mifupa, pale mezani yalikuwa yanayeyuka moja moja. Nilipofika kwenye mguu mmoja, yule wa meza ya pili alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Nani alikuambia haya?"

Ningesemaje kwamba ni kinyozi? "Ilijulikana," nikasema.

"Kijana, mimi nina majina ya waliofanya kazi shamba hili. Basi. Ya huko mjini siyajui." Akageuza kurasa, kidole chake kikashuka polepole, nami nikautafuta ule mstari mwekundu. "Mama, wewe ni huyu hapa. Uko tangu siku ya kwanza. Weka kidole."

Mama akaweka. Karani akanirudishia barua yangu kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Tukatoka tukakaa kwenye ukingo wa saruji ambako zamani walikuwa wanapanga madebe ya maziwa. Mbele yetu ngano ilikuwa imeiva mpaka mwisho wa macho. Ilibidi niwe na furaha. Jina liko, shamba liko. Niliikunja barua, nikaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kibiriti.

"Umesikia alivyosema?" nikamuuliza mama.

"Nimesikia."

"Wewe hukuogopa, hata siku moja?"

"Nilimuuliza yule afisa."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza, ninyi mlipokimbia. Nilimwambia, mwanangu, mimi nina shamba Njoro nangoja namba, hili daftari lako halitaniharibia? Ndipo nikatia kidole."

Nilimwangalia. Alikuwa anatazama ngano.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea."

"Na pale mbele ya watu? Si ungekataa tu? Si ungesema hutaki kufutwa?"

Akafunga leso yake upya, bila haraka.

"Ulikuwa umesimama mbele ya mtaa mzima. Nikuangushe?"

Watu wa foleni walikuwa wanatoka wawili wawili, wengine wakininyooshea kidole na kuwaeleza waliokuja nyuma. Nikangoja wapite.

"Alikujibu nini hasa, yule afisa?"

"Alisema habari ya shamba haimo," mama akasema. "Lile daftari ni la kujua nani atafungua maji asubuhi na nani atayafunga jioni. Ndani yake hamna kitu kingine."